Chema Chajiuza, Lakini Kwanza Kionekane

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya mafundi wa karakana ndogo ya useremala ya Mafinga, wilayani Mufindi, mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili.



Sisi tumezoea kushika randa na msumeno, si kipaza sauti, kwa hiyo mtuwie radhi pale tutakapokwama.

Mada tuliyopewa ni "Namna ya kuitangaza karakana ndogo ya useremala". Tulipoipata barua, wengi wetu tulifikiri tuje kuomba fedha za kibao kikubwa cha barabarani, na pengine mashine nyingine. Tulikaa jioni mbili tukalijadili jambo hili, na kadiri tulivyozungumza ndivyo tulivyoona kwamba kibao hakikuwa shida yetu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pia tunaambiwa kila siku kwamba biashara ni matangazo. Misemo hii miwili inaonekana kugombana, lakini katika miaka yetu ya kazi tumeona kwamba yote ni kweli. Kitu chema hujiuza, ila lazima kwanza mtu akione, akishike na akiamini.

Kwa hiyo leo hatukuja kuomba mashine. Tumekuja kuwaeleza tulivyopoteza wateja, tulivyoanza kuwarudisha, na jambo ambalo ninyi mnaweza kutusaidia bila kutoa hata senti moja ya sadaka.

SISI NI NANI

Tuko saba. Wawili ni mafundi wakuu na watano ni wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi kwa kuifanya. Kati ya hao watano, wawili ni mabinti. Tunatengeneza milango, fremu za madirisha, vitanda, meza, makabati, madawati, mabenchi ya kanisani, na inapobidi majeneza. Mashine mbili tulizo nazo, ya kuranda na ya kupasua, tulizipata kwa msaada wa wafadhili, nao tunawashukuru tena leo. Vifaa vingine, yaani misumeno, patasi, randa za mkono, keekee na jiriwa, tumenunua wenyewe kidogo kidogo.

Wote mnaujua mji wetu. Mafinga iko jirani na Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali hapa nchini. Kila siku malori yanapita barabara kuu yakiwa yamebeba mbao na nguzo. Mtu wa mbali akisikia hivyo hudhani seremala wa Mafinga hana shida yoyote. Lakini mahali penye mbao nyingi pana mafundi wengi pia. Mteja akiondoka mlangoni kwetu bila kuridhika, hatembei hatua mia moja kabla ya kusikia randa ya mwingine. Hali kadhalika, madukani kuna makabati na vitanda vya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, vinavyong'aa na kuvutia macho. Huo ndio ushindani tulio nao.

MILANGO TISA

Sasa tunaomba tuwasimulie kosa letu. Hatutaitaja parokia iliyohusika, kwa kuwa kosa lilikuwa la kwetu sisi.

Tulipata oda ya milango tisa kwa ajili ya nyumba za watumishi. Ulikuwa mwezi wa Machi, mvua inanyesha, na kamati ilitaka milango ifungwe kabla ya Pasaka. Tulikuwa na hamu ya kazi hiyo, tukasema ndiyo. Hatukuwa na mbao kavu. Tulinunua paini iliyopasuliwa wiki ileile, tukairanda, tukaunga, tukapaka vanishi, tukafunga. Siku ya kukabidhi milango ilikuwa inapendeza kweli. Tulipigiwa makofi.

Ilipofika Septemba, kiangazi kimekolea, milango ile ilikuwa imesinyaa. Mapengo yalitokea kati ya ubao na ubao, usiku mwanga wa taa ukawa unaonekana kwa nje. Miwili ilijipinda hata kitasa hakikuingia tena kwenye tundu lake. Hakuna aliyetuandikia barua ya malalamiko. Hakuna aliyekuja kutugombeza. Watu waliacha tu kuja. Parokia ileile ilipohitaji mabenchi ilinunua kwingine, na habari hiyo tuliipata sokoni kwa mama anayeuza nyanya. Kwa muda wa miezi mingi hatukupata oda hata moja kutoka upande ule. Wanagenzi wawili wa wakati huo walituaga, mmoja akaenda kuendesha bodaboda na mwingine akarudi kijijini.

Ndugu zetu, milango ile ilikuwa tangazo letu. Ilisimama pale mchana na usiku, na kila aliyepita aliisoma.

Tulikaa kikao kigumu. Wengine walisema yaliyopita si ndwele. Lakini mwishowe tulikubaliana kwenda kwa mwenyekiti wa kamati, kukiri kosa, na kuitengeneza upya milango yote tisa kwa gharama yetu. Ilitumaliza. Faida yote ya miezi miwili iliingia humo. Hata hivyo, mwaka uliofuata mwenyekiti yuleyule alituletea kazi ya fremu za madirisha kumi na nne, na baada ya hapo akatuelekeza kwa parokia ya jirani. Hatukumwomba atutangaze, alifanya hivyo mwenyewe.

MBAO KAVU NDIYO MSINGI

Kwa faida ya kamati ambazo hununua samani kila mwaka, tunaomba tueleze jambo hili kidogo. Paini iliyopasuliwa leo inaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na ubao wenyewe ukikauka, au hata zaidi. Kwa samani za ndani ya nyumba, maji hayo yanapaswa kushuka hadi kiasi cha asilimia 12 hadi 15 ya uzito wa ubao mkavu. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana na unene, wala si kwa urefu kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mlango hufunguka mapengo ya kusimama, na meza hupasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Siku hizi tunafanya hivi. Tunajenga tegemeo la matofali, juu ya ardhi kiasi cha magoti. Tunapanga mbao kwa safu, na kati ya safu na safu tunaweka vijiti vyenye unene wa milimita 25, vikiwa vimenyooka juu ya vingine ili mbao zisipinde. Juu tunaezeka bati, pembeni tunaacha wazi upepo upite. Ncha za mbao tunazipaka rangi iliyobaki ili zisikauke haraka kuliko katikati zikapasuka. Kisha tunachagua ubao mmoja wa mfano, na kila Jumamosi tunaupima kwenye mizani na kuandika uzito wake daftarini. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, tunajua ubao umefikia ukavu wa hewa ya mahali petu. Hakuna mashine ya gharama hapo. Panahitajika mizani, daftari na uvumilivu.

Lakini uvumilivu huo unakula fedha. Mbao zinazokaa miezi kadhaa chini ya bati ni mtaji uliolala. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, tutalirudia.

NAMNA TUNAVYOJITANGAZA SASA

Baada ya somo lile tuliweka taratibu tano. Tunazitaja kwa sababu vikundi vingine vya parokia vinaweza kuzitumia, hata kama kazi yao ni ushonaji au uashi.

Kwanza, tarehe ya kweli. Mafundi tunajulikana kwa neno moja, "njoo kesho". Tumekubaliana kulifuta. Kila oda ina karatasi yenye vipimo, aina ya mbao, bei, kiasi kilicholipwa na siku ya kukabidhi, nayo inasainiwa na pande zote mbili. Tukiona tutachelewa, tunapiga simu kabla mteja hajapiga. Ahadi ni deni.

Pili, kuonyesha kilicho ndani. Mbele ya karakana tumeweka kigoda ambacho hakijapakwa rangi, na pembeni yake kiungo kimoja kilichopasuliwa katikati. Mteja anaona jinsi ulimi wa ubao mmoja unavyoingia kwenye tundu la mwingine, badala ya kushikwa na misumari mitupu. Anaruhusiwa kukikalia, kukitikisa na kukigeuza.

Tatu, kusema ukweli kuhusu mbao. Wapo wanaopaka paini vanishi nyekundu na kuiuza kwa jina la mninga. Sisi tunaandika paini ni paini. Mteja akitaka mninga au mkongo, tunamweleza kwamba mbao za msituni lazima ziwe na vibali halali, na kwamba Novemba 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zilipokutana Panama, ziliiweka mininga na mikongo ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Wageni wanaotaka kwenda nayo Ulaya tunawaambia mapema. Mara nyingine tunapoteza oda kwa kusema hivyo, lakini hatujapoteza mteja.

Nne, picha na alama. Tunapiga picha za simu za kazi zetu wenyewe, mchana, kitu kikiwa nyumbani kwa mteja kwa ridhaa yake, na chini yake tunaandika vipimo na bei. Tunazituma kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya na kwaya. Hapo nyuma mmoja wetu aliweka picha ya kitanda alichokitoa kwenye intaneti. Mteja akakitaka kilekile, nasi hatukuweza. Tangu siku hiyo hatuonyeshi tusichokijua. Vilevile, chini ya kila kitu tunachouza tunachoma alama yetu na namba ya simu. Kikiharibika, mwenyewe anajua pa kutupata. Kikidumu, jirani yake anajua pia.

Tano, kurudi. Miezi sita baada ya kukabidhi tunampitia mteja wa karibu, tukaze bawaba, turande mlango unaogusa fremu, tuangalie kama kuna bungua. Kazi hiyo huchukua saa moja, hatutozi kitu, na mara nyingi hatuondoki bila oda mpya.

BEI YA HAKI

Sasa tunaomba mtuvumilie tuseme jambo zito kidogo. Tuchukue mfano wa meza moja ya ofisi. Hesabu hii ni ya mfano tu, maana bei za mbao hubadilika. Mbao shilingi 45,000. Gundi, misumari, msasa na vanishi 15,000. Umeme na kunoa vifaa 5,000. Ujira wa fundi kwa siku tatu 45,000. Pango na uchakavu wa mashine 8,000. Usafiri 7,000. Jumla ni shilingi 125,000. Tukiongeza faida ya 15,000, meza inauzwa 140,000.

Anakuja mjumbe wa kamati, mtu tunayemheshimu, anasema, "Vijana wangu, hii ni ya kanisa, fanyeni laki moja." Tunaona haya kukataa. Lakini muuza mbao hapunguzi kwa sababu ni ya kanisa, wala umeme haupungui. Shilingi 25,000 zinazokosekana zinatoka mahali pamoja tu, kwenye ujira. Fundi aliyepaswa kupata 45,000 kwa siku tatu anabaki na 20,000, na faida hakuna. Kwa maneno mengine, aliyetoa sadaka pale si parokia wala mfadhili, ni kijana yule ambaye mradi ulianzishwa ili kumsaidia.

Lipo pia suala la kuchelewa kulipa. Tunapokabidhi kazi tunaambiwa, "Mungu atawalipa." Nasi tunaitikia amina kwa moyo wote. Ila tukienda na amina hiyo kwa muuza mbao, haipokei. Tunalisema hili kwa heshima, na kwa sababu ninyi ni wazazi wetu. Mtoto asiposema anapoumia, mzazi atajuaje?

MAOMBI YETU

Kwa kamati za parokia tuna maombi matatu.

La kwanza, mtuambie mapema. Bajeti zenu nyingi hupangwa mwanzoni mwa mwaka. Mkituambia Januari kwamba mtahitaji mabenchi mwezi wa Agosti, tutanunua mbao, tutazikausha, na hamtapata milango kama ile tisa. Oda ya haraka ndiyo inayozaa kazi mbovu, na kazi mbovu inatuharibia jina sote, ninyi mlioinunua na sisi tulioitengeneza.

La pili, mlipe nusu kwanza na iliyobaki ndani ya siku kumi na nne baada ya kukabidhiwa. Kwa meza ya mfano wetu, nusu ni shilingi 70,000, ambayo inatosha mbao na vifaa, na kubaki kidogo. Hatutahitaji tena kukopa kwa riba.

La tatu, mkiridhika mseme, na msiporidhika mtuambie sisi kwanza. Tangazo la dakika moja baada ya Misa lina nguvu kuliko kibao chochote. Lakini tunaomba mlitoe pale tu mlipoiona kazi kwa macho yenu. Hatutaki kutangazwa kwa huruma. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja.

Kwa ndugu zetu wafadhili tuna mambo mawili. Mnapojenga madarasa au zahanati katika eneo letu, tunaomba mtupe nafasi ya kushindania kazi ya milango na madawati kama wengine, kwa vipimo na ubora mnaoutaka. Samani zikifika kwa lori kutoka mbali, watoto wanapata pa kukaa, na hilo ni jema. Ila kijana aliyefundishwa useremala kwa fedha zenu anabaki amesimama mlangoni akilitazama lori. Pili, badala ya mashine ya tatu, tufikirieni kuhusu mfuko mdogo wa mbao unaozunguka. Fedha zinunue mbao, mbao zikauke, ziuzwe zikiwa samani, fedha zirudi kununua nyingine, na daftari liwe wazi kwa ukaguzi wakati wowote. Huo si msaada wa kuliwa ukaisha.

Nasi tuna wajibu wetu. Wasemavyo watu, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeanza kuandika kila kinachoingia na kutoka. Tunakamilisha usajili wa kikundi ili tuweze pia kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanagenzi wetu tunawaandaa ili ujuzi wao upimwe na VETA na wapate vyeti, maana mamlaka hiyo hupima hata ujuzi uliopatikana kazini nje ya darasa.

MWISHO

Mwisho wa mwaka huu wanagenzi wetu wawili wanamaliza mafunzo. Mmoja ni binti ambaye kwa kuunga droo hakuna anayemshinda pale karakana, na mafundi wakuu tunakiri hivyo. Tungependa wabaki, wawe mafundi wanaolipwa na wawafundishe wengine. Kama oda zitakuwepo, watabaki. Kama hazitakuwepo, watakwenda njia ya wale wawili wa kwanza, na miaka mitatu ya jasho lao na ya fedha zenu itakuwa imepotea. Hatuwezi kuwaahidi kitu tusichonacho, kwa sababu ahadi tumeshajifunza thamani yake.

Milango ile tisa bado ipo. Imepita kiangazi zaidi ya kimoja na masika zaidi ya moja tangu tuifunge upya. Anayetaka kutujua asituulize sisi. Aende, aishike mmoja, aufungue na aufunge.

Karibuni karakana, siku yoyote ya kazi, bila hodi.